Mikono Niliyoificha Kwenye Senene

Aibu hii naitoa mwenyewe, maana mkiisikia kwa Ishengoma seremala atajitoa ndani yake, na yeye ndiye aliyeniponza.

Enzi za Mwingereza nilikuwa mchoraji wa watu huku Muleba (darasa la pili tu, msinicheke), nachora sura mpaka mwenyewe anataka kuisalimia, ila mikono ilinishinda, kila mkono ulitoka kama kichane cha ndizi. Basi Ta Rwegasira, mkubwa wa kijiji chetu cha Buganguzi na mzee wa kanisa la Kilutheri, akataka picha kubwa ya familia, ifunuliwe siku Bwana Disii, Mzungu mkuu wa wilaya, atakapokuja kula kwake. Moyo wangu ulikuwa kwa binti yake, Koku, na mshenga wangu alikuwa amejibiwa, "Tuione picha kwanza."

Nyuso zilikaa vizuri, nikafika kwenye mikono ya mkewe, Ma Adelina, nikakwama. Ishengoma, aliyekuwa akipiga fremu, akasema, "Wewe nawe! Mchoree bakuli, vidole vizame humo, yaishe."

Nikachora. Bakuli tupu halifichi kitu, nikalijaza senene. Sasa kwetu wakati ule mwanamke atawakusanya senene, atawanyonyoa mbawa, atawakaanga, lakini kuwala ni mwiko, ni chakula cha wanaume. Nilijua hilo tangu utotoni, lakini mchoraji akishapata pa kufichia mikono haoni kingine.

Siku ikafika, shuka likavutwa, watu wakapiga makofi, makofi yakapungua, yakabaki ya Bwana Disii peke yake.

"Mama anakula nini?" akauliza kwa furaha.

Zakaria katekista, mdomo usio na mlango, akajibu, "Senene, Bwana. Na mikono yote miwili imo!"

"Mawe!" Ma Adelina akamlilia mama yake kwa Kihaya, akajifunika kanga usoni.

"Mama hali senene, waitu," nikamnyenyekea Ta Rwegasira, "anawachambua tu."

"Na shavu mbona limejaa?" akauliza Ta Rwegasira.

(Shavu nililijaza ili apendeze!) Badala ya kunyamaza nikachukua brashi nirekebishe palepale, mbele ya wageni, nikaligeuza bakuli kuwa chungu cha lubisi, na hapo ndipo mke wa mzee wa kanisa la Kilutheri akaonekana ameingiza mikono kwenye pombe mpaka viwiko. Zakaria akaanza kuomba kwa sauti.

Mshenga akarudishwa na majibu yasiyoandikika. Koku akaolewa huko Kanazi.

Nikatupa brashi nikashika kalamu, maana kitabuni ukisema "mkono" umemaliza, hakuna atakayehesabu vidole. Nikaandika riwaya ya mchoraji anayemwoa binti wa mkubwa, misheni wakaichapa, nikawa naitwa mwandishi, na Zakaria huyohuyo akawa anajisifu kwamba alinijua zamani.

Mwaka jana nikakutana na Koku soko la Bukoba.

"Kitabu chako nimekisoma," akasema. "Kizuri. Ila mwisho ni uongo, mimi nisingekubali."

"Kwa ajili ya senene?"

"Senene wamefanya nini? Ulimuuliza baba, ukamtuma mshenga, hata Ishengoma ulimwambia. Mimi uliniuliza lini?"

Nikanunua nyanya nisizozihitaji.

Ishengoma na Zakaria siwasamehe, msinibembeleze. Lakini sasa naandika kitabu cha pili, na nimeapa humo haolewi binti yeyote kabla sijamwacha aseme mwenyewe. Nimefika sura ya tisa. Wote wanakataa.