Kuamini kwa Kizamani

Enzi zetu pale Ruiru, harufu ya maganda ya kahawa yaliyooza kando ya kiwanda ilikuwa imeingia hadi kwenye nguo za kanisani. Tulicheza kati, mchezo wa kukwepa mpira, kwa mpira wa matambara, tukasukuma rimu za baiskeli mpaka Gitothua, tukala viazi vitamu vya kuchoma, jivu likiwa ndiyo chumvi. Wajukuu wangu leo wakikosa chips mchana mmoja wanasema wanakufa.

Hali ya hatari ilipotangazwa, tulihamishwa kwa nguvu hadi kijiji kilichozungushiwa handaki. Hapo ndipo nilipojifunza neno la Kiingereza kabla ya kulisoma: relief. Kwetu watoto, relief ilikuwa unga wa njano na maziwa ya unga, na foleni ndefu, kila mtu na kikopo chake, huku askari akikuangalia kama mwizi.

Kwa hivyo Mwalimu Zipora, aliyetufundisha Kiingereza, alipoliandika ubaoni, pamoja na belief, yaani imani, tulicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amesomea ualimu kwa mama mmoja wa misheni aliyependa sana maneno ya kale.

"Zamani," akasema, "kwa Waingereza wenyewe, kuamini mtu kulikuwa kumpenda, kumweka karibu na moyo. Na relief ilikuwa kumwinua tena aliyeanguka."

Kisha Muchiri, kijana wa dawati la nyuma, akauliza, "Mwalimu, na hawa wa hapa kwetu, walisahau lini?"

Mwalimu Zipora aliangalia mlango kwanza. "Keti chini, Muchiri," akasema, akafuta ubao.

Jioni nilimsimulia mama akikoroga uji. "Ngai!" akashangaa. "Kumbe walikuwa na neno kama hilo?" Akanifanya nirudie.

Haikupita wiki, asubuhi tukakusanywa uwanjani, wanaume wakachuchumaa kwa mistari. Akaletwa mtu aliyefunikwa gunia mpaka magotini, limetobolewa matundu mawili ya macho. Tulimwita gakunia. Akitikisa kichwa mbele yako, amekutaja kuwa mwasi, umekwisha. Alipita polepole. Alipofika kwa baba yangu, akasimama. Gunia likatikisika.

Sikuangalia gunia. Sisi watoto tulikuwa tumekaa chini, na mbele ya macho yangu ilikuwa miguu tu. Mguu wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho. Jembe lilikikata shambani, na mimi ndiye niliyemletea maji ya kuoshea damu. Ilikuwa miguu ya baba mdogo Njoroge, ndugu yake baba, aliyekula kwetu kila Jumapili.

Baba aliposukumwa ndani ya lori, nilivuta leso aliyojifunga mama. "Mami, yule wa gunia ni..."

Akaniziba mdomo kwa kiganja. "Nimeona," akanong'ona.

Watu wakatuepuka. Wazee wa kanisa wakamwita mama nyumbani kwa mmoja wao, nami nikiwa nimeshika leso yake.

"Nyina wa Wangari," mmoja akauliza, akimwita kwa jina langu, "unaamini mume wako hakula kiapo cha waasi?"

"Alichokula sikijui," mama akajibu. "Lakini namwamini."

"Utaaminije usichokijua?"

"Hayo ya kujua ni yenu. Mimi namwamini yeye."

Wakatazamana wakidhani amechanganyikiwa. Katika nyumba ile nzima, ni mimi peke yangu niliyeelewa alichosema, na nilishtuka hadi nikasahau kulia.

Baba alikaa kizuizini mpaka nikabadilisha meno yote. Alirudi mchana mmoja, amekonda, koti si lake. Mama alimwinua kutoka kwenye kizingiti alikokaa kwa uchovu, akamwingiza ndani. Githeri ya mahindi na maharagwe ilipoiva, kivuli kikasimama mlangoni. Baba mdogo Njoroge. Nilidhani damu itamwagika.

"Waliniambia ni wewe au ni mimi," akasema, analia kama mtoto.

"Najua," baba akasema. "Hiyo miguu nilikushika mikono ukijifunza kuitembelea. Ningekosaje kuijua? Ingia, githeri inapoa."

Mama akaweka sahani nyingine. Aliiweka kwa kishindo, maharagwe mawili yakaruka, lakini aliiweka. Nilitoka nje kwa hasira, nikakataa kula.

Juzi nyumba yetu ilijaa wajukuu. Wawili hawasemezani tangu Krismasi kwa sababu ya picha iliyowekwa kwenye simu bila ruhusa. Mimi cucu, bibi yao, nikawasimulia habari za baba yangu na ndugu yake. Yule mkubwa akaacha simu, mdomo wazi.

"Cucu, ni ndugu yake kabisa? Na akampea chakula? Mimi ningem-block milele."

Wote wakacheka, nami nikacheka nao. Nimewacheka vijana hawa kwa mengi: chips zao, suruali zilizochanika, kuogopa giza stima zikipotea. Kwa hili nilishindwa kuwacheka. Njoroge aliishi na sisi mpaka uzee, nikampikia miaka mingi, na kila mara nilipomwekea chakula, mkono wangu ulikuwa mzito. Wazazi wangu walijua kuamini kwa kizamani. Mimi neno hilo nilifundishwa darasani, nikapata tiki nyekundu, na bado sijui kama nililiweza.