Kiti cha Mlingoti

Palikuwa na fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, watu walimwita Kisiki, kwa kuwa alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na akishashikilia lake hang'oki. Mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, alikuwa mrefu hata mlangoni huingia ameinama kama anayeomba radhi. Huyo alikuwa Mlingoti. Mungu naye ana mizaha yake.

Tangu enzi za vigari vya waya, Kisiki ndiye aliyepinda waya na Mlingoti ndiye aliyekimbia navyo. Wakawekeana ahadi: siku moja watakuwa na gari la kweli la mashindano, lile la kuvuka makorongo na kuruka matuta, halina mlango wala kioo, ni mabomba matupu na injini mgongoni. Mkubwa ataliunda, mdogo ataliendesha. Ahadi nyingi za utotoni hung'oka pamoja na meno. Hii ilikua nao.

Mwaka mmoja, wakiwa watu wazima tayari, Mlingoti akapata kazi ya mitambo, kambini, mbali sana. Mkewe alikwenda mwenyewe karakana kuweka mambo wazi.

"Shemeji, nimempa ruhusa ya shindano moja. Moja tu! Likiisha, tunahama."

Kwa hiyo Kisiki alijua hakuna la pili.

Alifanya kazi kama mwenye deni na jua. Mchanga aliuchekecha, akaukausha juani, akaujaza ndani ya bomba na kuziba ncha zote mbili, ndipo akalipasha moto na kulipinda polepole. Bila mchanga, bomba hubonyea likawa kama mrija uliotafunwa. Injini aliitoa kwenye gari dogo lililogongwa, shokapu kwenye pikapu mbili tofauti. Kila kiungo alikigonga kwa nyundo na kutega sikio. Kikilia vibaya, anakata, anaanza upya.

Futi ya chuma alikuwa nayo, lakini haikumkaa mkononi. Mageti, vitanda, ngazi, vyote alivipima kwa shubiri na dhiraa zake. "Futi hupotea," alizoea kusema, "mkono wangu haujapotea bado." Basi ilipofika zamu ya kizimba, yale mabomba ya kumkinga dereva gari likipinduka, alijikalisha mwenyewe kwenye kiti, akavaa helmeti, akatia alama za chaki juu ya kichwa chake.

Mlingoti alimkuta hapo.

"Kaka, si nikae mimi unipime?"

"Hebu toka, unanizibia mwanga."

"Lakini anayeendesha ni mimi."

"Na anayeunda ni mimi. Nimekubeba mgongoni wewe, leo nisikujue urefu? Nimekuongezea shubiri nzima."

Mlingoti akaitazama ile mikono yenye vidole vifupi, akacheka. "Shubiri yako hiyo, kaka, hata panya hajinyooshi humo."

Kisiki naye akacheka. Hakupima. Na gari lilipokamilika alilijaribu mwenyewe uwanjani, nje ya karakana. Mdogo wake alipoomba japo alikalie kidogo, alimfukuza kwa tambara la rangi: chakula hakionjwi jikoni. Alitaka siku ile iwe ya kumshangaza.

Ikawa kweli ya kushangaza.

Asubuhi ya shindano mkaguzi, mama mmoja mpole mwenye kofia ya jua, alilizunguka gari akilipapasa. "Fundi, hii kazi nimeipenda." Kisha akamkalisha Mlingoti, helmeti kichwani, akalaza rula ndefu kutoka bomba la mbele hadi la nyuma. Kichwa cha dereva kilitakiwa kupita chini ya rula. Cha Mlingoti kiliibeba rula juu kama mzigo wa kuni. Magoti nayo yalikumbatia usukani.

"Teremsheni kiti," akasema mkaguzi.

"Nimekichomelea sakafuni," Kisiki akajibu, na sauti yake hakuitambua.

"Basi huyu haendeshi. Gari likipinduka, shingo ndiyo itakuwa bomba lako."

Mlingoti akajitoa humo kiungo kimoja kimoja. Hakugomba. "Kaka, ingia wewe."

Kisiki akaingia. Miguu ikafika kwenye pedali, mikono ikaangukia usukani, rula ikapita juu ya helmeti bila kugusa. Kila kitu kilimkaa kama kiatu cha zamani.

"Kumbe ulikuwa unajitengenezea wewe," Mlingoti akasema taratibu.

Kisiki alitaka kuapa kwamba sivyo. Akajiona amekaa, mikono kwenye usukani, imetulia. Hakuendesha. Alishuka, wakalisukuma gari mpaka nje ya uwanja huku wenzao wakiwasha injini. Wiki ile ile Mlingoti na mkewe wakahama.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La mdogo lisiposikiwa huvunja nini, hapo walituachia wenyewe.

Miaka ikapita. Kisiki alikata kizimba chote, akakiinua upya. Safari hii alitumia futi ya chuma, akipima koti la kazi ambalo Mlingoti alilisahau msumarini. Kiti akakifunga kwa bolti, akakisogeza nyuma. Alipomaliza akapiga simu.

"Njoo ulikalie. Sasa linakutosha."

"Kaka yangu," Mlingoti akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, "mgongo nimeumaliza kwenye mitambo. Hata ngazi napanda kwa kushika ukuta. Mpe mtu mwingine."

Lakini nani mwingine ana urefu ule? Kisiki mwenyewe akikaa, miguu inaning'inia, pedali haifiki. Gari likabaki chini ya turubai. Kuku wa mke wa Kisiki akaona mahali pa kutagia.

"Mume wangu, mfukuze huyo, anakuchafulia kiti," mkewe alimwambia.

"Mwache," akasema Kisiki, akirudisha turubai taratibu asimshtue. "Yeye aliingia bila kufukuzwa."