Karatasi Niliyojifanya Nimeisoma

Msiniwekee jina. Watu wa huku kwetu Kitengela wakisoma hii watanijua tu, na wale hawanijui hawana haja ya kunijua. Kosa ni langu. Si la fundi, si la kampuni ya magari, na shetani pia simtaji. Ni mimi nilifanya, na nikikumbuka vile nilifanya natamani kutema mate.

Haya maneno nimeyaandika kwanza kwa daftari langu mara tatu. Kila nikirudia kusoma naona mahali nimejipendelea, nafuta. Kama bado kuna mahali nimejipendelea, ujue sijapaona.

Nilisoma mpaka darasa la saba. Halafu miaka kumi na moja nilifanya kazi kwa geti ya machimbo ya kokoto, naandika namba za lori na uzito wao. Ndio majirani wakaanza kuniita Karani. Barua ya shule, karatasi ya hospitali, karatasi ya shamba, zote zinaletwa kwangu. Na mimi nilikuwa napenda hiyo kazi kuliko chakula.

Kiingereza changu kiko na mashimo mengi. Lakini nilijifunza ujanja. Unashika karatasi mbali kidogo na uso, unakunja macho, unanyamaza, halafu unasema kitu na sauti ya mtu ameelewa. Mara nyingi nilipata. Mara zingine nilibahatisha, na hakuna aliyejua.

Jirani yangu nitamwita Mzee Parsaloi, si jina lake. Ni Mmasai, mtu wa maneno machache. Boma lake na ploti yangu zimetenganishwa na waya tu. Mke wake sisi wote tunamwita Yeyo, yaani mama. Yeyo ndiye alikuwa anakamua ng'ombe, halafu wanapakia maziwa kwa pikapu na kuwapelekea wateja wao wa zamani kule Kajiado. Kila asubuhi, yeye amekaa mbele kando ya mzee.

Siku moja mzee akaja kwa waya, akanisalimia kwa Kimaa.

"Supa, Karani."

"Ipa, Mzee."

"Breki ya gari inalala. Nakanyaga inaingia mpaka chini. Nataka nipeleke kwa ile kampuni iliniuzia. Twende unisomee, wale watu wanaandika sana."

Tukaenda, upande wa Athi River. Sakafu inang'aa mpaka unaogopa kukanyaga. Wakachukua gari wakaingiza ndani, wakaikagua, halafu msichana wa kaunta akaleta karatasi tatu zimepigwa pini. Mzee hakuziangalia hata. Akanipa mimi.

"Soma."

Nikafanya ule ujanja wangu. Maneno yalikuwa madogo, ya Kiingereza, yamejaa vibox vibox. Macho yangu yakatafuta kitu yanajua, na kitu yanajua ni namba. Karibu juu kabisa kulikuwa na kibox na namba imekaa peke yake: 184,300.

"Mzee," nikasema kwa nguvu, watu wote kwa viti wasikie. "Hawa wanataka laki moja na themanini na nne."

"Ya nini?"

"Ya breki."

Mzee akaangalia chini. "Hiyo ni ng'ombe wangapi?"

"Usihesabu ng'ombe wako kwa hawa. Wameona shuka wakafikiri wamepata mjinga."

Yule msichana akasema pole pole, "Samahani baba, hiyo si bei. Hiyo ni..."

"Wewe msichana usinifundishe kusoma. Nilianza kusoma karatasi kabla hujazaliwa."

"Lakini baba, angalia hapa chini..."

"Chini ndio mnafichanga wizi."

Watu wakacheka. Mwanaume mmoja wa tai akatingisha kichwa kama ananikubali. Nilisikia utamu mpaka kwa magoti. Msichana akaniacha, akageukia mzee mwenyewe. "Mzee, hiyo gari usiende nayo kwanza, tafadhali." Nikamshika mzee mkono nikamvuta. "Umeona? Sasa wanataka kuishika gari." Mzee akalipa ukaguzi, tukaondoka.

Uso wa huyo msichana bado nauona. Hakuwa ameniibia kitu. Alikuwa anafanya kazi yake na heshima, na mimi nikamwaibisha mbele ya wateja ili nionekane mtu.

Nikampeleka mzee kwa fundi wa jua kali hapa Kitengela. Huyo fundi nataka nimseme vizuri, kwa sababu anastahili. Aliniuliza, "Kampuni wamesema nini?"

"Pedi za breki tu. Hizo zingine ni hadithi za kupandisha bei," nikabahatisha.

"Si niangalie na paipu za breki za nyuma? Hii gari imezeeka."

"Fanya vile umeambiwa, boss. Mzee ako na haraka."

Aliuliza mara mbili, na mara mbili nikamkataza. Akabadilisha pedi, akatutoza bei ya kawaida, na breki ikapanda kidogo. Mzee akafurahi sana. Akaanza kunisifu kwa wateja wake wa maziwa, kanisani, hata mbele ya chifu. Mtu alitoka mpaka Kimuka akinitafuta na karatasi ya trekta yake. Sikulala njaa ya sifa hiyo wiki.

Sasa sikia.

Ijumaa moja Yeyo alibaki nyumbani, mzee akanibeba mpaka Kajiado nilipokuwa na shughuli zangu. Nikakaa mbele. Njiani nikaangalia dashibodi, zile namba zinaonyesha gari imetembea umbali gani. Laki moja themanini na nne elfu, mia tisa na kitu.

Mimi mtu wa namba. Nikajua hapo hapo. Jasho likanitoka na dirisha lilikuwa wazi.

"Karani, uko sawa?" mzee akauliza.

"Ni joto tu, Mzee."

Nilipofika nyumbani nikatoa ile karatasi, nilikuwa nimebaki nayo tangu siku ile. Kando ya 184,300 kulikuwa na herufi mbili: KM. Kilomita. Miaka kumi na moja nimeandika mambo ya lori na sikuona herufi mbili. Bei yenyewe ilikuwa karatasi ya tatu, chini, pale pale msichana alikuwa ananionyesha. Nitasema ukweli, ilikuwa juu. Saa moja ya mafundi wao ni ghali kuliko ya huku, na sitawatetea kwa hiyo. Lakini mzee angeilipa na mbuzi wachache. Haikuwa wizi.

Halafu kulikuwa na mstari mmoja wa herufi kubwa. Nikatafuta neno moja moja kwa simu ya mke wangu mpaka nikaupata. Ulisema bomba la breki la nyuma limeliwa na kutu, na gari isiendeshwe kabla ya kubadilishwa.

Wakati huo nilikuwa najua. Tafadhali kumbuka hapo. Kosa la kwanza naweza kusema ni ujinga wangu na kiburi. Kutoka hapo si ujinga tena.

Jumapili mzee alinichinjia mbuzi.

Nilienda nikiwa nimejiambia nitasema. Nilipata nafasi ya kusema tukikaribishwa, nyingine tukiwa tumesimama kando ya moto yeye na mimi peke yetu, na nyingine wazee wa rika lake walipokuwa wananyamaza wamsikilize. Mzee alisimama akasema, "Huyu Mkamba ni macho yangu." Wazee wakanisalimia upya, mmoja mmoja. Mzee akanikatia kipande cha kwanza.

Ningependa kuandika kwamba nyama ilinikwama kooni. Haikukwama. Ilikuwa tamu, na nikaongezwa, na nikala. Mafuta yalinigandia kwa midomo nikapangusa na mkono, nikacheka na wazee. Kila nikifika hapa kwa daftari nafunga kwanza, natoka nje. Mtu wa aina gani anakula hivyo?

Nikapanga ujanja mwingine. Nitamwambia fundi aangalie paipu, niseme ni wazo limenijia tu, ibadilishwe na hakuna atajua. Jumatatu nikaenda, nikaambiwa fundi amesafiri kwa matanga, atarudi Alhamisi. Na unajua nilisikia nini moyoni? Nafuu. Nilipata sababu ya kungoja.

Alhamisi asubuhi, kwa ule mteremko wa kuingia Kajiado, mzee alikanyaga breki ikaenda mpaka chini na haikurudi. Mbele kulikuwa na lori. Akaitupa pikapu kwa mtaro ikalala na ubavu. Mzee alikatwa kipaji cha uso. Yeyo, mkono wake wa kushoto ulibanwa na mlango.

Walimtia vyuma hospitalini. Mkono umepona, wanasema. Lakini vidole viwili havikunjiki tena, na kukamua ni vidole.

Na bado sikusema. Watu walisema ni bahati mbaya, ni gari imezeeka, na mimi nikaitikia. Halafu wakaanza kusema ni fundi. Kwamba fundi ndiye aliharibu breki. Wateja wakaanza kumpita, wengine wakimtupia maneno wakiwa barabarani.

Mke wangu akaniuliza tukinywa chai, "Si ulikuwa hapo siku ya hizo breki? Hakuuliza kitu, huyo fundi?"

"Sikumbuki," nikasema.

"Wewe unakumbuka mpaka namba ya lori ya miaka kumi," akasema, akachukua vikombe akaenda.

Kesho yake ndio nikachukua karatasi nikavuka waya. Zilikuwa zimepita siku kumi na moja tangu ajali. Mzee alikuwa amekaa nje na Yeyo, mkono wake umefungwa kwa kitambaa shingoni. Nikawaambia yote nikiwa nimesimama. Namba, herufi mbili, mstari wa herufi kubwa, fundi.

Mzee hakuuliza juu ya namba. Aliuliza kitu kimoja.

"Ulijua lini?"

"Ijumaa ile ulinibeba."

"Mbuzi nilichinja Jumapili."

"Ndiyo, Mzee."

"Kwa hivyo nilisimama mbele ya rika langu nikikusifu, na wewe unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na ukakula."

"Nikakula."

Akageuza uso akaangalia ng'ombe. Ni Yeyo aliongea, na hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo.

"Karani, mimi sijaenda shule hata siku moja. Nikipewa karatasi nasema sijui. Umewahi kuona mtu akinipiga kwa hiyo?"

"Hapana, Yeyo."

"Sasa wewe uliogopa nini?"

Jibu la hilo swali nimejaribu kuliandika kwa daftari, halitoki.

Mzee aliniambia neno moja la mwisho, niende kwa fundi nikaseme mbele ya watu. Nikaenda, nikasema, fundi akiwa chini ya gari na watu wamesimama. Alitoka akapangusa mikono na tambara. "Niliuliza mara mbili," akasema. Nikasema ndiyo, mara mbili. Akarudi chini ya gari. Wateja wake wengine wamerudi, wengine hawajarudi. Kwa yule msichana wa kaunta pia nilienda. Alinikumbuka. Alisikiliza, akasema "sawa baba," akaita mteja mwingine.

Pikapu ilitengenezwa huko huko kwa kampuni. Nimesikia mzee alienda peke yake, akaweka karatasi kwa kaunta na kusema, "Mimi sijui kusoma, nisomeeni pole pole." Na wakamsomea, kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, na mahali aliona bei imezidi wakabishana ikashuka. Kitu rahisi hivyo. Ningemwacha aseme tu hayo maneno siku ya kwanza, mimi nikae kwa kiti ninyamaze.

Siku hizi mke wa kijana wao ndiye anakamua. Kuna ng'ombe mmoja mweusi hataki mkono mwingine ila wa Yeyo. Anapiga teke, ndoo inamwagika. Kutoka kwangu nasikia kila kitu, ndoo, halafu Yeyo akimwongelesha huyo ng'ombe kwa Kimaa, pole pole, akimbembeleza akubali.

Basi wewe ambaye mtaa wako wanakuletea karatasi, ukifika neno hulijui, rudisha karatasi na useme hulijui. Utaona aibu kidogo, na hiyo aibu ingenitosha mimi.

Na wewe unayepeleka karatasi, usimwamini mtu kwa sababu amekunja uso. Mwambie akuwekee kidole kwa neno lenyewe, akuambie hili ni hili na lile ni lile. Akikasirika, chukua karatasi yako utafute mwingine.

Mimi ningekasirika.