Mchezo wa Kuku na Jina la Yasiin

Rukiah hakuwa mtu wa makelele, lakini kisasi chake alikilea miaka kumi na tatu kama anavyomlea mwanawe Mubaraka: akikilisha na kukiimbia.

Alipokuwa darasa la saba, yeye na binamu yake Yasiin walikuwa wakicheza kwenye kibanda cha kompyuta pale Mengo. Mchezo wenyewe, kuku anaokota mayai vichochoroni na mwewe anamwinda. Siku moja Rukiah akawa wa kwanza mtaani kuyamaliza mayai yote. Kompyuta ikataka jina la mshindi. Kwa furaha, akatoka mbio kumwita Mjomba Kamis aje ashuhudie. Waliporudi, Yasiin alikuwa amekikalia kiti na jina lililoandikwa ni lake.

"Huyu ndiye mwenye kichwa," mjomba akasema.

Uwezo wa mjomba ulikuwa wa kusomesha mmoja wao tu sekondari. Akasoma Yasiin. Rukiah akakaa nyumbani na wanawake wa Kinubi, akajifunza kusuka makawa ya kufunikia chakula.

Na kila Idi Yasiin huusimulia ushindi ule, mdomo umejaa pilau. "Rukiah alivyolia siku hiyo, bambi, maskini!" Watu hucheka. Rukiah huwapakulia.

Mwaka huu akaamua kuutafuta mchezo ule. Akaenda Wandegeya kwa Obonyo, fundi Mkenya mwenye shehena ya kompyuta kuukuu.

"Mchezo wenyewe unaitwaje?"

"Mama Kuku."

Obonyo akatafuta wee, kisha akacheka. "Mama, hilo jina mlilitunga wenyewe. Hakuna mchezo wa hivyo."

Kweli. Maandishi ya juu yalikuwa ya Kiingereza, na watoto hawakujishughulisha nayo.

Siku ya nne akarudi na kawa jipya. Alikuwa amevisuka vichochoro vya hatua ya kwanza, kona kwa kona, na ukindu mwekundu pale mwewe anapojificha. Obonyo akaliweka kando ya kioo, akafungua michezo ya zamani mmoja mmoja, akilinganisha. Mchana ukapita. Ghafla akapiga meza.

"Haya! Ndio huu?"

Vidole vya Rukiah vilikuwa vimeshakimbilia vibonye.

Obonyo akamwazima kompyuta ndogo. Kila alasiri Rukiah alijifua, mtoto akinyonya mapajani.

"Una mtihani?" Obonyo alimuuliza siku moja.

"Nina mtu wa kumwaibisha."

Idi ikafika. Yasiin alipoanza tu, "Mnakumbuka nilivyo...," Rukiah akaiweka kompyuta mbele yake.

"Tuoneshe, bingwa."

Mwewe akamnyakua kuku kwenye kichochoro cha kwanza. Mara ya pili, vilevile. Mara ya tatu Yasiin akauliza kibonye cha kurukia ni kipi, na shangazi mmoja akaangua kicheko.

Rukiah akampakata Mubaraka, akacheza kwa mkono mmoja, taratibu, mpaka yai la mwisho.

Mjomba Kamis akakohoa. "Aa, mwanangu, huu si mchezo wa watoto tu?"

"Ulipomchagulia Yasiin shule, mjomba, haukuwa wa watoto."

Mzee akatazama mkeka.

"Dada," Yasiin akasema chini chini, "nipe mara moja tena."

Rukiah akaizima kompyuta. Akamkazia macho mpaka yule mwanamume akainama, kisha akamsogezea rundo la sahani chafu.

"Zipeleke jikoni."

Akazipeleka.