Wembe Kooni mwa Baba

Kinyozi alikuwa mbishi wa kuzaliwa. Miezi minane sasa tangu baba yake apooze upande mmoja na kupoteza sauti, kila kitu alikuwa amejitwika yeye: kumwogesha, kumlisha, kumgeuza usiku, kisha mchana kutwa kusimama kazini akinyoa vichwa vya watu. Dada yake alipoomba wapokezane, alimkatiza.

"Baba nimemzoea mimi. Wewe utamwangusha."

Asubuhi hiyo alimketisha mzee dirishani, akampaka povu, akafungua wembe wa kazini. Alianza mashavuni, akashuka kidevuni, akafika kooni. Hapo kope zikamwelemea. Usingizi ukampitia akiwa wima, wembe mkononi.

Aligutuka amekamatwa kifundo cha mkono. Baba alikuwa amemshika kwa ule mkono wake mmoja mzima, amembana kwelikweli, macho yamemtoka pima. Kwenye povu, chini ya kidevu, tone la damu lilikuwa linateremka taratibu.

Kinyozi aliufuta mkwaruzo ule. Ulikuwa mdogo, mdogo mno kwa hofu aliyokuwa nayo. Mzee hakumwachia mpaka alipouona wembe umekunjwa na kuwekwa mezani.

Ndipo akampigia dada yake simu.

"Dada, njoo. Njoo leo."

"Baba kazidiwa?"

"Baba hajambo." Akaketi sakafuni. "Mgonjwa ni mimi."