Mguu Pembeni, Mkono Juu

Uwanja wetu wa gofu haukuwa na majani pale yanapotakiwa. Wazungu wa mgodi wa dhahabu, huku upande wa Geita, walijifyekea uwanja katikati ya vichaka, na kuzunguka kila shimo, mahali ambapo kwao Ulaya huota nyasi laini, sisi tulimwaga mchanga uliochanganywa na oili chafu ya mashine. Mchanga huo ndio uliokuwa kazi yangu. Niliusawazisha kwa gunia mpaka ukatulia, mchezaji akapita akauvuruga, nikaanza upya. Nilirudi nyumbani nanuka kama injini ya lori, na sikuona ajabu yoyote.

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa kedi, yaani mbeba fimbo za wachezaji. Alikuja kwetu kutoka machimbo madogo ya almasi upande wa Shinyanga, ambayo siku hizi yameota miti. Kule mfanyakazi hakuruhusiwa kuokota kitu chini, hata kama ni kifungo cha shati lake mwenyewe. Ukiona kitu, unaweka mguu pembeni yake, unanyoosha mkono juu, unasubiri askari aitikie, aje akiokote yeye. Aliyeinama kwanza na kujieleza baadaye alifukuzwa siku hiyo hiyo. Shemeji aliishi hivyo miaka mingi.

Kwetu, desturi hiyo ilimpa sifa. Makedi wengine wakiukuta mpira vichakani waliusogeza kidogo kwa kidole cha mguu, bwana wao apate pa kupigia. Yeye alisimama pembeni, mkono juu, mpaka bwana afike. Wazungu wakasema huyu ni mwaminifu, hagusi mpira. Mipira iliyoingia shimoni niliitoa mimi, kwa kuwa nilikuwa pale pale na reki yangu, basi hakuna aliyewahi kujiuliza. Kuweka mpira chini aliinama vizuri tu. Kuokota ndiko kulikomshinda.

Miaka michache baada ya Vita Vikuu vya Pili klabu ikaajiri mwalimu, Mskochi, mcheza gofu wa kulipwa. Tulitegemea bwana mkubwa. Tukaletewa mtu mwenye viatu vilivyotiwa viraka, ambaye alivalia pamoja nasi kwenye banda la fimbo, akala humo humo, na kuingia klabu kwa mlango wa jikoni. Tulishangaa Mzungu kuzungushwa nyuma kama sisi. Alitueleza kwa Kiswahili chake cha Nairobi kwamba kwao watu wa kwanza kucheza kwa malipo walikuwa wabeba fimbo na mafundi wa kuzichonga. Matajiri waliwapambanisha na kuwekeana dau juu yao, kisha wakawafungia mlango wa mbele. Anayecheza bure ndiye bwana, anayelipwa ni mtumishi. Alisema milango ilikuwa imeanza kufunguliwa, huko na huko. Hata kwetu, siku moja mwenyekiti alimfungulia ule wa mbele, akamkaribisha. Mskochi akashukuru, akazunguka jikoni.

“Mguu nazoea huko,” alituambia.

Siku hizi nasikia redioni kwamba wacheza gofu wa kulipwa husafiri kwa ndege zao wenyewe. Sina la kubisha. Nasema tu niliyemwona mimi alikula viazi akikalia debe.

Mskochi alitaka msaidizi wa kutengeneza fimbo na kufundisha wanaoanza. Kazi hiyo ilikuja na nyumba ya bati kambini, na dada yangu, aliyekuwa akilala na watoto kwenye kibanda kinachovuja, alishaanza kupanga kitanda kitakaa upande gani. Makedi wawili walikuwa hodari: shemeji, na kijana mmoja Mnyamwezi. Wakaambiwa wacheze Jumapili, mshindi achukue kazi. Kusema kweli nilikuwa na uhakika na shemeji. Jioni, Wazungu wakishaondoka, nilimwona akipiga mipira kwa fimbo mbovu, mimi nikimkusanyia, na mpira ulikwenda alikotaka.

Jumapili hiyo walikuja wote, mabwana na bibi zao kwenye viti, sisi tumesimama. Asubuhi ng'ombe wa jirani walikuwa wamekatiza uwanja uliolowa, na askari wa mgodi, kaptula imenyooka, aliwekwa pale kuwazuia wasirudi. Wachezaji wawili walipofika shimo la mwisho shemeji alikuwa mbele. Akapiga, mpira ukaruka vizuri, ukatumbukia kwenye alama ya kwato, karibu kabisa na mchanga wangu.

Kwa uwanja wetu hilo halikuwa tatizo. Kanuni ya klabu ilisema mpira ukiingia kwenye kwato, mchezaji auokote, auweke pembeni, apige bila adhabu.

Shemeji aliufikia mpira. Akaweka mguu pembeni yake. Akanyoosha mkono juu.

“Okota,” alisema Mskochi. “Okota, weka hapa. Hapana shauri.”

Hakuinama. Mkono ulibaki juu, macho yake kwa askari. Askari alikuwa akitazama ng'ombe. Mabibi wakaanza kucheka taratibu, kwa adabu. Nikatupa reki niende nikamwokotee, Mskochi akanizuia kwa kifua chake, maana mchezaji ndiye anayepaswa kuugusa. Nilitamani kulia, mtu mzima mimi.

Mwishowe shemeji akashusha mkono na kuupiga mpira humo humo kwenye kwato. Ukazama zaidi. Akapiga tena, udongo ukaruka, mpira ukabaki. Ulipotoka, Mnyamwezi alikuwa ameshamaliza, kwa mapigo machache kuliko yake.

Nyumba ya bati ilikwenda kwa Mnyamwezi. Watu walisema shemeji alilewa, wengine wakasema amerogwa.

Dada alimwandalia ugali. Alipomaliza kula ndipo alipomwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kama kawaida yake, akamuuliza kwa upole kabisa, akimbembeleza kwa Kisukuma kama mwanawe, “Kwa nini hukuokota, ng'wanawane?”

Shemeji alinawa mikono kwanza, akaikausha.

“Nilinyoosha mkono,” alisema. “Askari hakuitikia.”