Magunia Saba ya Mama

Ukiniuliza kusafisha ufuo wa bahari kunagharimu nini, nitakujibu bila kusita: chumba kimoja, futi kumi kwa kumi. Nimekipima mara mbili. Ni chumba cha nyuma katika nyumba ya mama hapa Malindi, na ukifungua mlango wake unapokewa na harufu ya ukwaju uliochacha, chumvi na nailoni kuukuu. Harufu hiyo naijua tangu darasa la tano, mwaka ule mama alipokuwa akichemsha ukwaju kila alfajiri, akiutia sukari na iliki, akiumimina katika vikaratasi vyembamba vya nailoni na kuugandisha. Tuliziita barafu. Unang'ata ncha ya karatasi, unafyonza mpaka ulimi ufe ganzi, halafu karatasi unaitupa papo hapo uliposimama. Kazi iliyobaki tuliuachia upepo.

Siku moja Mwalimu Kahindi, aliyesimamia usafi wa shule yetu, alitupeleka ufuoni nyuma ya madarasa tukaokote taka. Tulirudi na ndoo nne, na tatu kati ya hizo zilijaa karatasi zenye rangi ya ukwaju. Hapakuhitajika mpelelezi. Alimwita mama pale langoni mwa shule alipouzia, akamwambia kwa upole unaouma kuliko matusi, "Mama Kadzo, kila Ijumaa nataka kuona karatasi tupu sawa na barafu ulizouza. Zikipungua, Jumatatu usije." Barafu zile ndizo zilizotununulia unga, kwa hiyo mama hakubishana. Alitangaza kwamba mtoto akirudisha karatasi tano atapewa barafu moja bure, nami nikawekwa langoni kuhesabu.

Ijumaa ya kwanza tuliuza barafu mia moja, zikarudi karatasi tisini na nne, na mwalimu akasamehe sita. Ijumaa ya pili tuliuza mia moja, zikarudi mia mbili na sitini. Nikahesabu upya. Mia mbili na sitini. Wenzangu, ambao kufagia darasa tu kuliwashinda, walikuwa wamechokora mitaro yote na jaa la sokoni, wakaleta hata karatasi za njugu. Mwalimu akalitazama rundo lile, kisha akamtazama mama. "Kumbe unauza kwingine bila kuniambia."

Mama akaokota karatasi moja ya njugu. "Mwalimu, hii ilikuwa na chumvi. Mimi nagandisha chumvi?"

"Hesabu ni hesabu, mama. Wiki ijayo zikizidi tena, nitajua unanidanganya." Basi zikipungua tunafukuzwa, zikizidi tunafukuzwa. Hata leo, nikibishania bei na wenye maduka wagumu kuliko wote mjini, sijakutana na mapatano mabovu kama yale.

Jumatatu iliyofuata akaja Charo, rafiki yangu wa dawati moja, ametoka kwa bibi yake kijijini Tezo na gunia mgongoni. Karatasi mia moja hamsini na tano. Alitaka barafu thelathini na moja, na hesabu yake, kwa bahati mbaya, ilikuwa sawa.

"Za Tezo hazihusu," nikamwambia. "Nakupa kumi, uende."

"Wee Kadzo, umekuwa kanjo wa kukamata wachuuzi? Tangazo lilisema karatasi, halikusema za wapi!"

"Kumi na mbili, na gunia ulirudishe."

Charo alinitazama kama asiyenijua, akalipindua gunia pale langoni. Upepo ukazizoa zote kuelekea baharini. Mama alikuwa ameona. Hakunigombeza, alinipa gunia tupu tu, nikaokota hadi adhuhuri, moja moja, mpaka zikatimia mia moja hamsini na tatu. Mbili hazikuonekana. Kisha mama akamwita Charo, akamhesabia barafu zake thelathini na moja. "Na Tezo si Kilifi?" akaniuliza. "Na Kilifi haina bahari?" Ijumaa karatasi zikazidi, na mahali petu langoni pakaisha. Charo akahamia dawati jingine.

Mama akaanza kuuza ukwaju nyumbani kwa vikombe, na mwosha vikombe alikuwa mimi. Lakini watoto walimfuata na karatasi zao, naye akawa anawapa nusu kikombe. Gunia la kwanza lilipojaa alilipa gari la taka, akalifuata kwa miguu aone linakokwenda. Aliliona likimwaga ukingoni mwa mto, mahali ambapo mvua moja tu inatosha kupeleka kila kitu baharini. Akarudi na gunia lake kichwani, akaliweka chumba cha nyuma.

Leo mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, na bahari, kana kwamba haikupata habari, inatuletea chupa na ndara za mguu mmoja. Wanangu wananunua juisi za chupa na kutupa kama tulivyotupa sisi. Mama amechoka magoti, nami nataka ahamie kwangu mtaa wa Barani kabla hajaanguka akiwa peke yake. Amekubali, kwa sharti moja: anakuja na magunia, au nimwambie yanakwenda wapi. Nikisema tuyachome, anauliza moshi utavutwa na nani. Nikisema tuyafukie, ananionyesha kisima. Nikisema gari la taka, ananinyooshea kidole kuelekea mtoni.

Kwa hiyo nakuuliza wewe unayesoma. Magunia ni saba, nimehesabu mara mbili. Kama unajua pa kuyapeleka, niambie. Ila usiniambie nikayatupe, kwa sababu mama ataniuliza wapi.